Viatu vya Rwamba

Kule Kiambere hakuna aliyekuwa na viatu kama vya Rwamba. Vilikuwa vyeusi, vipana mbele, na soli ya ndani ilikuwa laini, imefinyangwa kwa umbo la nyayo zake. Gitobu, fundi wa kliniki ya miguu mjini Embu, alimtengenezea baada ya ugonjwa wa sukari kumpotezea vidole viwili vya mguu wa kulia. Pale palipokuwa na vidole Gitobu alijaza kipande cha sponji ngumu, mguu usije ukateleza ndani. Kwa miaka minne Rwamba alivivaa kila siku, akipalilia ndengu, akifuata mbuzi, na hakupata kidonda tena.

Mdogo wake, Ruguru, naye alikuwa na sukari. Mwezi wa saba Sista Joyline wa kliniki hiyohiyo alimgusa nyayo kwa uzi mwembamba mahali kumi. Ruguru alihisi mahali pawili tu. Gitobu akampima miguu, akamwambia asubiri, kwa kuwa zile soli laini zilikuwa zimeisha na hakujua zingeletwa lini.

"Kwa sasa usivae kitu cha kubana," Joyline alimwambia. "Na kila jioni ukague nyayo kwa macho. Mguu wako hauwezi kukuambia umeumia."

Mwezi wa tisa ulifika, viatu bado. Kendi, binti wa pekee wa Ruguru, alikuwa anaolewa Kiirua, kwao bwana harusi. Ruguru alikuwa na ndara, na viatu vya kanisani vilivyochongoka mbele.

"Nitaenda na ndara," alisema.

"Mama wa bibi harusi?" Rwamba akauliza. "Wewe na mimi tunavaa namba moja. Jaribu hivi vyangu."

Cha kushoto kiliingia vizuri. Cha kulia kiligoma kwa ajili ya ile sponji, maana Ruguru alikuwa na vidole vyake vyote vitano. Rwamba alichukua kisu cha jikoni, akaingiza mkono ndani ya kiatu, akaing'oa sponji kipande kwa kipande. Ikabaki gundi iliyokauka, kali kama ukingo wa kopo. Aliigusa kwa kidole. Aliona ni kitu kidogo, soksi nzito ingetosha.

"Kinabana?"

"Sisikii chochote."

Wote wawili wakaona hilo ni jibu zuri.

Huko Kiirua Ruguru alisimama tangu ibada ilipoanza mpaka keki ikakatwa. Alicheza na wakwe zake, akazunguka uwanja mzima na wanawake wa kwao, hakuketi hata mara moja. Rwamba alikuwa kwenye kiti cha plastiki, ndara miguuni, akimtazama kwa furaha.

Jioni Ruguru alipovua viatu, soksi ya kulia ilikuwa imegandamana na damu. Alipoibandua ilitoka na ngozi, naye hakusikia maumivu. Aliifua, akafunga mguu kwa kitambaa, akavifuta viatu na kumrudishia dada yake. Hakumwambia. Angeanzia wapi, na mwenzake alikuwa amevua vyake ili amvishe?

Kwa siku kumi na moja aliosha kidonda kwa maji ya chumvi. Siku ya kumi na mbili Rwamba alimpelekea unga wa mtama. Alipofungua mlango alikutana na harufu aliyoijua. Vidole vyake mwenyewe vilinuka hivyo kabla havijakatwa.

"Toa mguu kwa blanketi," alimwambia Ruguru aliyekuwa kitandani.

"Ni malaria tu."

"Ruguru, toa mguu."

Chini ya kidole kikubwa palikuwa na shimo jeusi, na wekundu ulikuwa umepanda kupita kifundo. Rwamba alipiga magoti, akaushika mguu kwa viganja viwili kana kwamba angeweza kuusukuma wekundu urudi chini. Mguu ulikuwa wa moto sana.

Daktari wa Embu alisema uozo umeingia mfupani. Jumanne alikata vidole viwili. Alhamisi wekundu ulikuwa umefika katikati ya muundi, na Rwamba akamfuata daktari kwenye veranda.

"Chukua wangu," alimwambia. "Huu ulishaharibika."

Alijua ni maneno ya bure. Daktari alimshika bega, akaenda zake. Ijumaa Ruguru alikatwa chini ya goti.

Joyline alimkuta Rwamba kwenye benchi nje ya wodi, amevaa ndara.

"Mama, viatu vyako viko wapi?"

"Nilitoa sponji kwa kisu."

Joyline alichutama, akaukagua mguu wake wa kulia. Karibu na kovu palikuwa na lengelenge lililopasuka.

"Acha tu," Rwamba alisema.

"Siachi," Joyline akajibu, akaenda kuleta dawa na bandeji.

Jumapili Kendi alipiga simu. Ruguru alikuwa ameegemea mto.

"Nilijikwaa kwa jiwe," alimwambia binti yake. "Nikachelewa hospitali. Hapana, usije, ndio mmeanza maisha."

Rwamba alinyoosha mkono. Ruguru akatikisa kichwa. Rwamba akaichukua simu hata hivyo.

"Kendi, ni mimi, mama yako mkubwa. Si jiwe. Nilimvisha viatu vyangu siku ya harusi yako, nilivikata mwenyewe ndani."

"Mlijua mguu wake hausikii?" Kendi akauliza.

"Tulijua."

Simu ikakatika. Rwamba aliiweka kitandani. Ruguru alikuwa amegeukia ukuta.

"Ungemwachia harusi yake," alisema polepole. "Sasa kila akiona picha atatafuta miguu yangu."

Rwamba aliketi ukingoni mwa kitanda, upande ule blanketi lilikuwa limelala bapa. Kengele ya wageni kutoka ikalia. Hakuinuka.