Orodha ya Vitu vya Kuzimwa

Maji yalipofika vifundoni mwa abiria kwa mara ya pili, fundi umeme hakusubiri kuitwa. Asubuhi iliyofuata alibeba mkoba wake wa vifaa akateremka gatini, na kabla hajafika alikuwa amekwisha kumhukumu mtu. Mtu huyo alikuwa shemeji yake.

Watu wa gati walimwita Bi Hakika, jina ambalo hakulipenda wala hakulikanusha. Alilipata kwa tabia ya kupima kila waya mara mbili, kwa kuwa kipimo cha kwanza hakukiamini. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akifunga umeme katika boti na malori, na kazi hiyo ilimfundisha kwamba umeme hausemi uongo kwa sababu hausemi kitu. Wanaosema ni watu.

Ndiyo maana miezi miwili iliyopita, Mwalimu, mstaafu wa hesabu aliyemiliki boti tatu za kuvusha abiria, alipomletea kisanduku cheusi chenye kioo cha kugusa na kumwambia kitachukua nafasi ya ubao mzima wa swichi na fyuzi, alikitazama kisanduku hicho kama posa iliyoletwa bila wazee. Kiliwasha na kuzima kila kifaa kwa ncha ya kidole. Kilipima umeme unaoliwa na kila kimoja. Kijitabu chake kiliviita vifaa hivyo mizigo, kikaeleza kwamba betri ikipungua, kisanduku kitapunguza mizigo chenyewe: kitazima kimoja baada ya kingine, kwa kufuata orodha aliyoiandika fundi, mpaka nguvu iliyobaki itoshe. Bi Hakika alikifunga kwa siku tatu. Hakukisifu, na kisanduku hakikulalamika.

Kisha likatokea la kutokea. Kila boti hunywa maji kidogo pale mhimili wa injini unapotokea nje, na hilo si aibu. Pampu iliyomo tumboni mwa boti huyarudisha maji yalikotoka. Wiki iliyopita, boti ikiwa ng'ambo ikingoja abiria huku injini imezimwa, pampu ilinyamaza. Jana ikanyamaza tena. Mara zote mbili abiria walitoa ushahidi mmoja: maji yalipanda, na muziki ukaendelea kupiga.

Ushahidi huo ndio uliomtosha Bi Hakika. Nahodha wa boti, mume wa mdogo wake, aliupenda muziki kuliko usingizi. Siku kisanduku kilipofungwa, hakuuliza kuhusu taa wala pampu. Alisema tu, "Shemeji, hiki kidude kisinizimie spika." Sasa hapa kulikuwa na betri isiyotosha vyote, kioo kinachozima chochote, na mtu mwenye kipenzi kimoja. Dalili ya mvua ni mawingu, na haya yalikuwa yamekwisha kuanza kudondoka.

Mwalimu alitaka ripoti kabla ya saa sita mchana. Ikisema kwamba nahodha aliizima pampu, angevuliwa boti siku hiyo hiyo, na hakuna mmiliki mwingine pale gatini ambaye angemkabidhi hata mtumbwi. Mdogo wake, mke wa nahodha, alikuwa amepiga simu alfajiri. "Dada, andika ulichokiona," alisema, na sauti yake ilionyesha kwamba angefurahi zaidi kama dada yake asingeona kitu.

Nahodha alikuwa ndani ya boti, akikamua tambara.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umeamka na vidole vyote?"

"Kumi. Utahesabu au utaniamini?"

"Nataka kujua ni kipi kilichogusa kioo jana saa nane."

Nahodha aliacha kukamua. "Kumbe hukuja kutengeneza. Umekuja kukamata."

"Nimekuja kuangalia."

"Haya, angalia, polisi wa nyaya. Mimi napangusa."

Bi Hakika alifungua kumbukumbu za kisanduku. Kila mzigo uliowahi kuzimwa ulikuwa na saa yake na sababu yake. Vilivyozimwa kwa kidole viliandikwa hivyo. Vilivyozimwa na kisanduku viliandikwa vinginevyo. Alishuka mpaka jana, saa nane na dakika kumi na mbili. Pampu. Imezimwa na mfumo. Betri chini.

Alisoma tena. Kisha akashuku kwamba nahodha alizichezea kumbukumbu, akatumia dakika kumi kujaribu kuzichezea yeye mwenyewe, kwa moyo wa mwizi na ujuzi wa fundi. Hazikuchezeka. Akakishuku kisanduku. Bidhaa za namna hii, aliwaza, huja na kijitabu kinene ili mtu achoke kabla ya kufika penye kasoro. Akafungua orodha ili aone kisanduku kimefuata nini.

Mizigo ilikuwa kumi na minne. Ya kwanza ilikuwa spika. Ya pili taa za mapambo, ya tatu friji ya soda, ya nne soketi za kuchajia simu. Ya kumi na tatu ilikuwa redio ya mawasiliano. Ya mwisho kabisa ilikuwa pampu.

Orodha hiyo aliiandika yeye.

Katika karakana alikofunzwa kazi, kulikuwa na sheria moja ambayo mwanafunzi aliijua kabla hajaruhusiwa kushika bisibisi: kitu cha uhai hukaa chini kabisa ya ubao. Mtu aliyepiga magoti ndani ya maji, gizani au kwenye moshi, mkono wake hufika chini kwanza. Mafundi wa karakana ile walitambuana kwa pampu iliyo chini na pambo lililo juu, na Bi Hakika aliwadharau kimyakimya wale waliopanga vinginevyo. Siku ya kufunga kisanduku aliuhamisha ubao wa zamani mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini, bila kuwaza, kama mtu anavyokunja mikono ya shati. Lakini kisanduku hakina magoti. Kwacho, wa juu ndiye mheshimiwa na wa chini ndiye wa kutolewa kwanza. Kilikuwa kimemtii kwa uaminifu ambao hakuwahi kuupata kwa binadamu.

Kuipandisha pampu juu kungechukua sekunde nne, na hakuna mtu mwingine pale gatini aliyejua kuisoma orodha ile. Kidole kilikwisha kunyooka. Hapo akakumbuka kwamba badiliko lenyewe nalo lingeandikwa, kwa tarehe na saa. Alikirudisha kidole, asijue kama kilichokizuia ni uadilifu au hilo, na hakupenda kutojua.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Pampu. Orodha niliipanga kichwa chini miguu juu. Betri ikishuka, pampu ndiyo inayoanza kuzimwa. Spika zako zinabaki mpaka mwisho."

Nahodha aliliweka tambara kwenye benchi, akalinyoosha. "Umenishuku tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita."

"Na juzi ulikula kwangu."

"Nilikula."

"Ukaomba uongezewe."

"Chakula hakikuwa na kosa."

Mwalimu alifika saa tano na nusu. Alimsikiliza Bi Hakika kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi waliosema daftari limeliwa na mbuzi.

"Miaka yote hii sijakuona ukikosea," alisema. "Unakosea leo, na kosa lako linamwokoa mume wa mdogo wako."

"Hata mimi nisingeamini."

"Basi tumekubaliana. Mnalindana."

"Tazama tarehe. Orodha haijaguswa kwa miezi miwili."

"Kisanduku ulikifunga wewe. Utakisemesha unachotaka."

Ndivyo ambavyo Bi Hakika mwenyewe angesema. "Usiniamini," alisema. "Vua viatu, ukae."

Alichomoa chaja ya betri, akawasha mizigo yote kumi na minne, akaingiza mpira wa maji tumboni mwa boti na kufungulia bomba. Pampu ikaanza kutema maji nje. Wote watatu walikaa, na kwa karibu saa nzima walisikiliza muziki wa nahodha, ambao Mwalimu aliuvumilia kama mtu aliye kwa daktari wa meno. Betri ikashuka. Pampu ikanyamaza. Baadaye kidogo redio ya mawasiliano ikafuata. Maji yakapanda, yakafika vidoleni, yakafika vifundoni. Muziki haukupungua hata kidogo.

Mwalimu alitazama miguu yake. "Funga bomba," alisema. Kisha, bila kumtazama yeyote: "Nahodha anabaki na boti yake. Visanduku vya boti zile mbili nyingine atavifunga fundi mwingine."

"Ningefanya hivyo hivyo," Bi Hakika alisema.

Mwalimu alipoondoka, viatu mkononi, fundi aliipandisha pampu hadi juu ya orodha, redio ya mawasiliano chini yake, na spika akazishusha mwisho. Alirudisha chaja, pampu ikaamka, akaanza kukusanya vifaa.

"Unakwenda wapi?" nahodha aliuliza.

"Nimemaliza. Nimeshapanga upya."

"Hata mwanzo ulipanga."

Bi Hakika alisimama. "Unataka nini, shemeji?"

"Sipakii mtu humu. Betri ijae, kisha uishushe tena. Nione vyote vikizimika mbele yangu, kimoja kimoja, na nione pampu ikibaki."

"Tutafika saa kumi na moja."

"Tutafika."

Bi Hakika alitafuta kosa katika dai hilo, akalikagua mara mbili, hakulipata. Lilimuudhi, na lilikuwa sahihi. Nahodha alikuwa amekaa mbele ya kioo na kusogea pembeni, akiacha kati yao nafasi ya mtu mzima mmoja, nafasi ambayo haikuwapo juzi mezani. Bi Hakika aliitazama, akaona kwamba nahodha ana haki ya kuiacha, akakaa upande wa pili kungoja betri ijae.