Koliflawa Ndani ya Foronya

Mimi ni dobi, na kwa kukausha kitu sina mpinzani. Kwa hiyo wifi aliponipigia simu kwamba saa saba anakuja kumchukua baba mkwe akakae kwake, sikubabaika. Mzee hali chakula, alisema, anakonda mikononi mwangu. Ni kweli. Tangu mama mkwe afariki miezi minne nyuma, mzee yule aliyepikia shule ya bweni miaka thelathini alikuwa akisogeza sahani zangu kando kwa adabu: "Nimeshiba, mwanangu." Nampenda, na sikutaka aondoke.

Nikanunua koliflawa nimpikie, wifi akifika amkute anakula. Watu huitosa kwenye mafuta ikiwa bado na maji, halafu wanashangaa imekuwa rojorojo. Mimi niliichambua vipande vidogo, nikaviosha, nikavitia kwenye foronya safi, nikatoka uani nikaizungusha hewani mpaka matone yakakoma. Kisha nikavianika kwenye upepo.

"Siku hizi mboga nazo zinafuliwa?" Baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Wewe pumzika, Baba. Rudi kitini."

Ndivyo nilivyomwambia kila siku. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa heshima.

Mafuta yalipopata moto nikamimina vipande, vikachachatika vizuri. Nikatia manjano na chumvi, nikaanza kukoroga kwa madaha, mkono mwingine ukichukua kitunguu saumu.

"Acha kukoroga!" Baba mkwe alikuwa nyuma yangu; sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Umevikausha vizuri, sikatai. Sasa viache vishike rangi chini! Na hicho kitunguu saumu kitaungua, kinatiwa mwisho. Lete mwiko."

Nusura niseme pumzika. Lakini mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Nimemfungia mpishi jiko miezi minne, halafu nalalamika hana hamu ya kula. Nikampa mwiko.

Aligeuza kipande kimoja kimoja, mara moja tu. Akatia kitunguu saumu, akaepua, akakamulia ndimu. Akaonja kimoja. Akaonja kingine. Cha tano hakikuwa cha kuonja tena.

Wifi akaingia na begi tupu la kubebea nguo za mzee. "Baba, jiandae twende."

"Niende wapi?" alijibu mdomo umejaa. "Huyu nikimwacha peke yake ataua mboga za watu. Nawa mikono ukae, napakua."