Nyumbani na Kwa Baba

Siku hiyo nilishindwa kabisa kutulia. Afisa ustawi wa jamii alinionyesha kiti, nikakikalia, nikainuka, nikaenda dirishani, nikarudi.

"Mama, utanimalizia sakafu," alisema.

Sikucheka. Mimi nikiwa na wasiwasi sitaniki. Na yule mwenzangu wa zamani, fundi friji, alikuwa amekaa kwa raha zake, miguu kainyoosha kama yuko sebuleni kwake. Hilo nalo lilinichemsha damu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Tulipoachana nilikuwa msusi, na msusi wikendi hapumui. Tukakubaliana mbele ya hakimu kwamba binti yetu, Chiriku, akae kwangu siku za shule, wikendi aende kwa baba yake. Baadaye saluni ikafungwa. Sasa naoka mikate: Jumatatu hadi Ijumaa natoka alfajiri, mtoto namwacha kwa jirani, na fundi yuko barazani kwake kutwa na friji zake. Wikendi nami niko peke yangu, nafua nguo ambazo si chafu. Mwalimu akaniita: Chiriku anasinzia darasani, na maneno yamempungua. Chiriku, kupungukiwa maneno!

Kwa hiyo mimi mwenyewe niliomba makubaliano yageuzwe: siku za shule akae kwa baba yake, wikendi aje kwangu. Lakini kilichoninyima raha hakikuwa ratiba, ni neno. Akiwa kwa fundi, mtoto husema, "Nataka kurudi nyumbani." Akiwa kwangu husema, "Naenda kwa baba." Neno hilo la nyumbani lilikuwa langu, na niliogopa kwamba nikitia saini litahama pamoja na begi lake la shule.

"Ongeza hapo," nilimwambia afisa. "Andika kwamba nyumbani kwake ni kwangu."

Akaweka kalamu chini. "Hilo siwezi, mama. Mimi naandika analala wapi."

"Basi sitii saini!"

Fundi akakunja miguu. "Mama Chiriku, mimi miaka yote hii ni 'kwa baba'. Umewahi kunisikia nikilalamika?"

"Hulalamiki kwa sababu hujali."

"Najali. Nilikuwa najikaza kisabuni tu."

Nikarudi kwenye kiti, safari hii nikakaa. Nikatia saini, mwandiko umepinda, na baadaye hakimu akayapitisha mabadiliko.

Ijumaa ya kwanza niliingia na kutoka mlangoni mpaka chakula kikaungua. Chiriku akaja anakimbia, maneno yamemrudi yote: friji ya bucha iliyoganda mlango, mwalimu aliyemsifu kwa hesabu, baba aliyemsuka nywele. Na kweli zilikuwa kombo. Nilicheka mpaka machozi. Kisha akafungua begi, akapekua, akashika kichwa.

"Mama! Nimemsahau mdoli wangu nyumbani."

Alisema hivihivi tu, wala hakujua kasema nini. Mimi iliniuma, iliniuma sana. Nilitaka kumsahihisha, neno lilishafika kwenye ulimi: sema kwa baba. Nikamwangalia. Macho yake yalikuwa maangavu, usingizi hakuna.

Nikazima jiko, nikachukua funguo.

"Haya, vaa viatu," nikamwambia. "Twende nyumbani tukamchukue."