Chini ya Nembo ya Ndege

Boneti lilikuwa limeachama kama kinywa cha mgonjwa mbele ya daktari. Mkasi, mshonaji mstaafu, alisimama kando akitazama maji ya rejeta yakichora ramani vumbini. Fundi wa magari akamwambia pampu ya maji imekufa, na mpya haipatikani: kampuni iliyokuwa ikileta magari yenye nembo ya ndege ilishafunga virago.

"Ila pampu ya Nyota inaingia," akaongeza, akijua anachokonoa kidonda.

Mkasi akageuza uso. Nyota lilikuwa gari la mdogo wake. Magari hayo madogo yalizaliwa kiwanda kimoja, kwa kalibu moja. Yalipovuka bahari kila wakala akayabandika nembo yake na kuyapa jina lake. Kwa huyu Ndege, kwa yule Nyota. Ndugu wale walianza kwa utani, mmoja akiliita la mwenzake kopo, mwingine akijibu kwamba la kaka yake hukohoa kabla ya mwenyewe kuamka. Kisha siku moja, mbele ya wakwe, mdogo akafungua maboneti yote mawili, akaonyesha chuma kwa chuma kwamba ni kitu kilekile. Wakwe wakacheka. Mkasi hakucheka, na tangu hapo hakukanyaga tena kwa mdogo wake.

Cha ajabu, hakuna aliyelijua jambo lile kuliko yeye. Ujana wake wote uliishia kwenye karakana ya mashati, akikata kitambaa kimoja, akishona kola moja, kisha akigawa mafungu: hili lebo ya duka la wakubwa, lile lebo ya duka la sokoni. Aliwahi kumsikia mteja akiapa kwamba shati la sokoni linamwasha shingo. Alicheka hadi machozi. Lakini mkuki kwa nguruwe.

Binti wa mdogo wake akaingia gereji na kifurushi cha gazeti. "Shikamoo, Baba Mkubwa." Fundi alikuwa amempigia baba yake simu kwa siri. Ndani ya gazeti mlikuwa na pampu, imesuguliwa hadi inang'aa.

"Baba amesema uichukue. Yeye haihitaji tena."

"Haihitaji tena kwa nini?"

Binti akatazama viatu vyake, kisha akasema. Baba yake alikuwa amelazwa. Kesho yake angepasuliwa moyo. Alikataza kaka yake asiambiwe, asije akaja kwa huruma.

Fundi akaifunga pampu. Kila tundu likapata bolti yake, bila tupa, bila kulazimishwa. Injini ikawaka, ikanguruma.

Mkasi akatoa mfukoni wembe wa kufumulia, ambao hata kustaafu hakukumtenganisha nao. Akainama mbele ya gari, akaupenyeza chini ya ndege, taratibu, kama afumuavyo lebo bila kujeruhi shati. Nembo ikabanduka. Rangi iliyokuwa chini yake ilikuwa mbichi, haijapata kuona jua.

"Endesha wewe," akamwambia binti. "Nipeleke hospitali kwa baba yako."

Njiani akatafuta neno la kwanza. Akiomba radhi, mdogo wake angeshtuka, angedhani madaktari wamemficha jambo. Heri aanze na lile la kopo. Akaufumba mkono uliokuwa na nembo, ncha za mabawa zikamchoma kiganja, naye hakuufumbua.