Wimbo wa Mdakaji wa Akiba

Redio ya dukani ilipotangaza kwamba Dobashi amesaini, wateja wa Mama Ikuyo Manabe walinyanyua vijiti vyao vya kulia hewani, na mmoja wao, mdomo umejaa tambi, akamkumbatia mtu asiyemjua. Dobashi! Mpigaji wa timu ya Ngiri wa Kanazawa, yule yule aliyeitoa kamasi timu yao, Korongo wa Takamatsu, kila kiangazi, leo amekuja upande wao kuwatoa wengine. Tangu msimu wa besiboli ufungwe mji mzima ulikuwa ukimwota. Mama Ikuyo peke yake alisimamisha kisu juu ya unga uliokandwa. Alipoendelea kukata, tambi zilitoka nene kama vidole, hazikufaa kumuuzia mtu.

"Mama, mbona umenuna?" aliuliza Bwana Horikoshi, kinyozi wa duka la pili na kiongozi wa washangiliaji wa Korongo. "Tumempata Dobashi, wewe unakunja uso kana kwamba tumempata mkaguzi wa kodi."

"Mmempata, sawa. Na wao watachukua nini?"

"Aa, watachukua kijana fulani wa timu ya pili. Hata jina lake hulijui."

"Watachukua mdakaji. Ngiri hawana mdakaji, na wewe unajua, ila unajitia hamnazo."

Horikoshi akainamia bakuli lake. Alijua.

Sheria za ligi hazina siri. Ukichukua nyota wa wenzako aliyemaliza mkataba, wenzako nao wana haki ya kuja kwako kuchagua mtu. Unaruhusiwa kuwaficha wale usiotaka waguswe. Waliobaki nje huchaguliwa kama kuku wa mnadani. Jambo hilo huitwa fidia ya mtu, na Mama Ikuyo alilichukia jina hilo tangu siku ya kwanza kulisikia. Fidia hulipwa kwa gari lililogongwa au paa lililong'olewa na kimbunga. Mtu mzima na akili zake anakuwaje fidia? Na nani atapoteza nafasi kumficha mdakaji wa akiba, wakati kuna warushaji chipukizi wa kuwafungia kabatini?

Mdakaji huyo, kazi yake kuchutama nyuma ya mpigaji na kulinda kituo cha mwisho wakimbiaji wasifike, aliitwa Isogai, na alikuwa wa akiba tangu aingie timu. Mdakaji wa kwanza alikuwa nahodha, mtu mwenye afya ya punda, hakuumwa hata mafua. Basi Isogai alikaa benchi msimu hadi msimu, na mara moja moja, mchezo ukishapotea, akaitwa kushika gongo. Hapo ndipo jukwaa lilipopiga wimbo wake. Kila mchezaji ana wimbo wake, hata wa akiba, na wa Isogai aliutunga Teruo, marehemu mume wa Mama Ikuyo, mpishi wa tambi mchana na mpiga tarumbeta jioni. Nyimbo za nyota zilitungwa na wakubwa wa kundi la washangiliaji. Teruo alipewa Isogai, akafurahi kama aliyepewa timu nzima, akayaandika maneno nyuma ya mfuko wa unga:

*Isogai, linda mlango,*
*wenye haraka wangoje uani.*

Horikoshi alimwambia kwamba huo ni wimbo wa kudaka, ilhali utaimbwa mtu akiwa anapiga. Teruo akajibu kuwa mlango ni mlango, hakubadili hata herufi.

Mchezaji akihama, wimbo wake hufungwa. Hauimbwi tena, wala hapewi mwingine. Teruo hakuacha mtoto; aliacha wimbo mmoja. Isogai akienda, Teruo atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii hata mazishi hayatakuwapo. Mama Ikuyo alilifahamu hilo vizuri, na ndilo lililomkosesha usingizi wakati mji mzima ukishona jezi za Dobashi. Kipya kinyemi, wahenga walisema, lakini hawakusema kinyemi hicho analipa nani.

Kusubiri kulimharibu tabia. Kila asubuhi aliweka kikombe cha mchuzi wa kwanza mbele ya picha ya Teruo, kwenye kijimadhabahu cha nyumbani, akaomba: wamchukue yeyote, asiwe Isogai. Kisha akaanza kutaja majina. Wamchukue yule mrushaji wa mkono wa kushoto, mwenye maringo. Wamchukue yule kijana wa mji wa Kochi, bado hajaoa, kuhama hakutamsumbua. Siku moja alijisikia akimtaja baba wa mapacha wachanga, akashtuka, akaufunga mlango wa madhabahu upesi Teruo asije akamsikia.

Ilikuwa Januari, baridi ya kukata masikio, Horikoshi alipoingia dukani bila kuvua kofia. Hakuagiza chakula.

"Ni yeye, Mama."

"Najua," alisema, ingawa hakuwa akijua. Aliendelea kuosha bakuli lile lile mpaka Horikoshi akalitoa mikononi mwake.

Isogai mwenyewe alikuja kuaga, peke yake, amevaa suti iliyombana mabega. Aliinama kupita mlangoni, akainama tena kuamkia, kisha akakaa pembeni alipozoea. Mama Ikuyo alikuwa amekwisha kumwandalia maneno ya kumfariji.

"Pole, mwanangu. Wamekutupa."

"Hawa wamenitupa, Mama, ndiyo." Isogai aligeuza kikombe cha chai kiganjani. "Lakini wale wamenichagua. Majina yalikuwa mengi, wangeweza kuchukua yeyote. Kocha wao alinipigia simu mwenyewe. Akaniambia, jiandae, wewe ndiye utakayeanza. Toka nimalize shule hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo."

Alijitahidi kuweka uso wa huzuni, kama adabu inavyotaka mtu anapoaga, lakini uso ulikataa. Meno yalikuwa nje yote.

Mama Ikuyo alimtazama, haya ikampanda toka miguuni. Asubuhi zote zile, mbele ya mchuzi uliokuwa ukitoa mvuke, alichokuwa akiomba ni kwamba mtu huyu asitakiwe na yeyote. Hakulifikiria kwa namna hiyo. Alifikiria wimbo tu. Na sasa aliyeitwa fidia amekaa mbele yake, anameremeta kama bwana harusi.

"Kula," alisema, akamwongezea tambi bila kuulizwa. "Huko uendako tambi zao kama nyuzi za kushonea."

"Nimesikia, Mama."

"Na ukija hapa, usije ukatupiga."

"Nitawapiga, Mama."

"Mtovu wa shukrani wewe," alisema, akajikuta anacheka. Alimsindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja, akasimama na aproni yake kwenye baridi mpaka mgongo ule mpana ukapinda kona. Alifurahi kwa ajili yake, alifurahi kwelikweli. Nusu ya mzigo ilikuwa imetuliwa. Nusu ya pili ilikuwa ya Teruo, na hiyo hakuna aliyeweza kumtua.

Horikoshi hakuwa na moyo wa kuutaja wimbo. Aliahirisha mkutano wa kuufunga, akaahirisha tena, akisingizia mafua. Kisha, mwezi wa Februari, akaleta mgeni dukani baada ya saa za kazi: mwanamume wa makamo, fundi wa mapaa, amevaa viatu vya theluji katika mji usio na theluji. Aliitwa Tatewaki, kiongozi wa wapiga tarumbeta wa Ngiri. Alikuwa amesafiri kwa treni toka Kanazawa, mkononi boksi la vitamutamu, begani mfuko wa tarumbeta.

"Mama Manabe, naambiwa mwenye wimbo wa Isogai ni marehemu bwana wako," alisema akiinama. "Nimekuja kuuomba."

Mama Ikuyo hakuelewa mara moja. "Kuuomba mkaufanye nini?"

"Tuupige. Wapo wenzangu waliotaka tumtungie mpya. Nikasema huyu anakuja na wake, hatuwezi kumvua mtu nguo mlangoni. Lakini wimbo wa watu hauchukuliwi bila ruhusa." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Nyinyi mmetuchukulia Dobashi. Nyumbani kwangu mke wangu alilia siku mbili. Najua kuondokewa."

"Mnaujua?" aliuliza Horikoshi.

"Kwa masikio tu. Tuliusikia mlipokuja kwetu."

"Hebu tusikie."

Tatewaki alisokomeza taulo kwenye mdomo wa tarumbeta ili majirani wasishtuke, akafumba macho, akapiga. Mwanzo ulikwenda sawasawa. Alipofika kwenye *wenye haraka*, pale sauti inapopaswa kupanda hadi juu kabisa, tarumbeta ilijikokota, ikakaribia, ikateleza chini kama mtu aliyekosa ngazi, kisha ikajikusanya na kuendelea.

Mama Ikuyo alishika ukingo wa kaunta.

Teruo alikuwa na meno ya mbele ya bandia, na tangu ayaweke, noti ile ya juu haikumtii tena. Hapa Takamatsu wenzake walimfunika kwa tarumbeta zao. Alipokufa, vijana waliompokea waliupiga wimbo kama ulivyoandikwa, safi, bila doa, naye Mama Ikuyo aliimba pamoja nao na kushangaa kwa nini haumwingii. Lakini Kanazawa ni mbali. Huko walikwenda wachache, na tarumbeta ilikuwa moja tu, ya Teruo.

"Samahani, Bwana Tatewaki," alisema Horikoshi, "hapo katikati pana kosa. Sauti hapo inatakiwa ipande..."

"Horikoshi," Mama Ikuyo alimkatiza.

Tatewaki aliondoa tarumbeta mdomoni, uso umemwiva kwa aibu. "Nimekosea? Sisi tuliupata hivi hivi kwa yule mzee aliyekuwa akipiga peke yake kwenye jukwaa la wageni. Nimeshawafundisha kundi zima, wote wanashuka pale pale. Lakini tutarekebisha, Mama. Nieleze tu unavyokwenda."

Mama Ikuyo alijifuta macho kwa aproni, yote mawili, bila kuona haya.

"Msirekebishe kitu," alisema. "Ndivyo anavyopiga."