Mipira ya Wali

Jumamosi haikuwahi kumkuta Tuva nyumbani. Tangu atoke Uswidi na kuhamia Catania kusomea miamba, alikuwa ameshapanda Etna mpaka kwenye theluji, ameogelea Taormina wenyeji wakiwa wamejifunga skafu, na kule Noto amepiga picha za makanisa mpaka simu ikakata roho. Mama mwenye nyumba wake, Bi Agatina, alimbatiza jina.

"Kiguu na Njia, kesho wapi?"

"Palermo, Bi Agatina."

Bi Agatina akaonekana kama mtu aliyeonja maziwa yaliyochacha. Halafu akavuta sufuria la wali.

"Basi utampelekea mdogo wangu kitu."

Tuva aliijua habari ya mdogo mtu. Jengo zima liliijua. Huko Sisilia kuna donge la wali wa zafarani lenye nyama na njegere tumboni, linalokaangwa mpaka ganda likawa na rangi ya chungwa. Catania huliita *arancino* na kulichonga ncha kama mlima wao. Palermo huliita *arancina* na kuliviringa duara. Tofauti ni herufi moja ya mwisho, ya kiume huku na ya kike kule, lakini kwa herufi hiyo watu wamesusiana hadi mazishi. Huyo mdogo, Venera, alizaliwa Catania, akaolewa Palermo, akageuka ulimi. Siku ya ubatizo wa mjukuu wa Agatina, mbele ya padri, alinyanyua sinia la dada yake akatangaza, kwa wingi wa Kipalermo, "Karibuni *arancine*!" Agatina akamwambia atoke, na asirudi mpaka ajue kusema. Krismasi tatu zilikuwa zimepita, na kiti cha Venera bado kilikuwa kimeegemezwa ukutani, hakikaliwi na mtu.

"Kesho ni sikukuu ya Santa Lucia, mlinzi wa macho," Agatina alisema akiukanda wali. "Palermo hawagusi mkate wala tambi siku hiyo, ni wali tu. Hawezi kukirudisha chakula changu, labda aamue kufa njaa. Mwambie aje Krismasi... Hapana, usimwambie! Akipokea, nitajua."

"Na akiniuliza nimebeba nini?"

"Si utataja jina lake? Kwani lina majina mangapi?"

Ndani ya basi Tuva alilipakata kasha la moto na kuyapima majina hayo mawili. Akisema la Catania, atafungiwa mlango. Akisema la Palermo, atamsaliti bibi anayemwachia supu jikoni kila anaporudi kutoka matembezi. Hofu ikampa hamu kubwa ya kutalii. Alizunguka kanisa la dari za dhahabu mara mbili, akapotea kwa makusudi sokoni Ballarò, akawasikiliza wauza samaki wakitukanana kama waimba kwaya. Njaa ilipomzidi, akaomba mkate.

"Mkate? Leo?" muuzaji alimaka. "Binti, unataka Mtakatifu atunyang'anye macho? Chukua *arancina*!"

"Lakini si imepakwa chenga za mkate?"

"Hizo hazihesabiki."

Hakuichukua. Alipiga moyo konde akaenda kugonga kwa Venera.

Alifungua mwanamke mfupi mwenye aproni, na pua ileile ya Agatina. Nyuma yake mafuta yalikuwa yakichemka.

"Natoka Catania. Kwa Bi Agatina."

Venera alishika kitasa. Hakusema karibu, wala hakusema ondoka. "Umebeba nini?"

"Nimeleta a..."

"A-nini? Malizia."

"Aran..."

"Nakusikiliza."

Kiitaliano chote alichokijua Tuva kikamtoroka. "Nimeleta mipira ya wali!"

Venera alifunua kasha. Akamtazama Tuva, akatazama kasha tena.

"Mpira gani una ncha, wewe mtoto? Unachezewa wapi huo?" Akachomoa simu mfukoni mwa aproni, akabonyeza namba bila kuitafuta. "Agatina! Mimi, nani mwingine? Huyu mtoto unamlisha nini huko? Eti mipira ya wali!"

Sauti ya Agatina ikapasua simu mpaka Tuva akasikia: "Mipira?!"

"Ya wali!"

"Mama angekufa mara ya pili!"

"Si ndiyo nakwambia! Unaishi naye, humfundishi?"

"Katoka kwangu anajua! Nyie hapo ndio mmemvuruga, na hayo maduara yenu!"

"Maduara yetu yamekukosea nini? Vibuyu vyako hivi je?" Venera, katika kugomba, alikuwa ameshang'ata ncha ya kimoja. Akatafuna. Sauti ikashuka. "Umejaza njegere."

"Mama alijaza."

"Najua. Na mimi najaza. Mume wangu analalamika."

"Mwache alalamike."

Venera akang'ata tena. Tuva akavitazama viatu vyake.

"Krismasi," Venera alisema, "unapakua saa ngapi?"

"Saa utakayofika."

Venera akakata simu, akajifuta uso kwa aproni, akamvuta Tuva ndani kwa mkono. "Pita ule. Umekonda, Agatina hajui kulisha watu."

Tuva aliwaambia wazazi wake kwamba Krismasi hii harudi Uswidi, theluji ataiona Etna. Siku ya Krismasi kile kiti kilitolewa ukutani, Venera mwenyewe akakikalia. Mezani kulikuwa na masinia mawili, moja la ncha na moja la duara, na ndugu hao wawili wakayasukuma yote mbele ya mgeni wao.

"Haya, mwanangu," Agatina alisema, "waambie watu. Hivi vinaitwaje?"

"Ndiyo, sema," Venera akadakia. "Usiogope mtu hapa."

Hata watoto waliacha kutafuna. Tuva akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Mipira ya wali."

Vitambaa vya kujifutia mikono vilimpiga kichwani kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja.