Barua kwa Marabi Watatu

Mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa dada yake. Kadogo hakulifikiria hilo mara mbili. Mama yao alifariki Kadogo akiwa na miaka kumi na mmoja na dada yake ishirini, na tangu siku ile Dada ndiye aliyesaini fomu zake za shule, akamsuka nywele, akakesha naye alipougua. Hata uchumba wake Dada aliuvunja, kwa sababu bwana yule alisema haoi mke mwenye mzigo mgongoni.

Walikuwa wanakunja shuka, kila mmoja ameshika pembe zake mbili.

"Nataka kuwa Myahudi," Kadogo alisema.

Dada alisogea, pembe zikakutana, akarudi nyuma tena. "Hiyo si kazi ya kuombea nafasi, Kadogo. Watu huzaliwa nayo."

"Wapo wanaoingia."

"Kuna mwanamume?"

"Hakuna mwanamume."

"Basi kuna nini?"

Kulikuwa na bibi kizee asiye na meno. Kadogo, akiwa na miaka ishirini na mbili, alikuwa fundi wa meno bandia kwenye chumba kidogo nyuma ya kliniki. Alichonga fizi za nta, akapanga meno juu yake moja moja, mikono yake ikiwa myeupe kwa plasta kutwa nzima. Bibi huyo, mjane, mwalimu mstaafu, alirudi mara nne kulalamikia jino moja la mbele.

"Linapiga mluzi nikisali," alisema. "Mungu atadhani namwita kama mbwa."

Kadogo alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Kisha akauliza kama inaruhusiwa kumtania Mungu hivyo.

"Mwanangu, sisi Wayahudi tumebishana naye tangu zamani, na bado tunazungumza."

Alipokuwa na miaka kumi na minne, Kadogo aliuliza kanisani kwao kwa nini mama yake alikufa na hali usharika mzima ulifunga na kuomba. Aliambiwa afunge mdomo. Sasa, akiwa ameshika jino la mtu mkononi, alijikuta anamwuliza bibi huyu swali lile lile. Bibi alilisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo ni swali zuri," alisema. "Jibu sina. Njoo Ijumaa jua likizama, tukae nalo pamoja."

Ndivyo ilivyoanza. Kadogo akampa jina la Bibi Maswali, na jina likamkaa.

Rabi wa sinagogi alimrudisha mlangoni mara tatu, kama ilivyo desturi yao, ionekane kama kiu ni ya kweli. Mara ya nne alimpa kiti na kitabu. Kadogo akasoma miaka miwili. Alijifunza herufi zinazotembea kutoka kulia, akajifunza kutochanganya nyama na maziwa, akajifunza kuiacha Jumamosi ipite bila kugusa kazi. Dada alinuna wiki mbili, kisha akalegea. Alimnunulia sufuria zake peke yake na kuwakemea majirani waliokuja kuchungulia. Jioni Kadogo alimsomea kijitabu cha masomo kwa sauti huku Dada akipiga pasi nguo zake za kazini. Alikuwa karani wa mahakama, na hakupenda mkunjo hata mmoja.

Kadogo alimwambia yote. Alimwambia kuhusu Jumamosi moja aliyokwenda karakana kwa siri, kwa sababu mzee mmoja alikuwa anamwoza binti yake kesho yake na meno yake bandia yalikuwa yamevunjika. Alimwambia pia lile ambalo hata Bibi Maswali hakulijua.

"Siku nyingine nikisali, Dada, naona kama nabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu."

Dada aliweka pasi chini, akampapasa mgongo. "Hata mimi kanisani kwangu ni hivyo hivyo. Wala usijali."

Siku ya kuhojiwa ilipofika, marabi watatu waliketi nyuma ya meza ndefu ghorofani, juu ya ukumbi wa sala: rabi wake, na wageni wawili waliosafiri kwa ajili hiyo. Chini, birika la kuzamia anayeingia dini lilikuwa limeshajazwa maji, na Bibi Maswali alikuwa amekaa kando yake na taulo jipya mapajani. Walimwuliza Kadogo saa nzima. Alijibu vizuri, lile ambalo hakulijua alisema halijui, nao wakatabasamu. Kisha rabi mzee kuliko wote akatoa bahasha.

"Hii ilitufikia juzi. Haina jina. Imepigwa chapa. Ni haki yako kuisikia."

Barua ilisema kwamba msichana huyu anaingia dini kwa ajili ya mwanamume aliye ng'ambo, ambaye amemwahidi ndoa. Kadogo alitaka kucheka. Barua ikaendelea. Ikataja Jumamosi ile, na mzee, na meno yake. Halafu ikasema: *Mwenyewe amekiri kwamba akisali anabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.*

Uongo haukumchoma. Ukweli ndio uliomchoma, tena kwa maneno yake mwenyewe, yasiyopungua hata moja.

"Mwanamume hayupo," alisema. "Hayo mengine ni kweli."

"Unamjua aliyeandika?"

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema ufanye nini ikiwa nguo yenyewe ndiyo hiyo moja uliyo nayo.

"Hapana," Kadogo alisema. "Simjui."

Walimtoa nje, wakamwita tena. Hawamfukuzi, walisema; arudi baada ya mwaka. Rabi wake alikuwa anatazama mikono yake mezani. Chini, Bibi Maswali alimwona usoni, na kwa mara ya kwanza hakuuliza chochote.

Dada alikuwa jikoni. "Umerudi mapema," alisema bila kugeuka.

"Mwanamume umemtoa wapi?"

Kisu kilisimama juu ya kitunguu. Kadogo akatamani Dada akane, aape, amtukane.

"Nilimwongeza," Dada alisema. "Nilijua mengine hayatatosha."

"Nyumba isiyo na mtu, Dada. Nilikwambia wewe tu. Hata yule bibi sikumwambia!"

Dada alifuta mikono, akaenda chumbani, akarudi na kile kijitabu cha masomo. "Ukurasa wa thelathini na moja. Mbona huu hukunisomea?"

Kadogo hakuhitaji kuufungua. Ulieleza kwamba anayeingia hupewa jina jipya, na katika sala huitwa binti wa Ibrahimu na Sara.

"Mama aliumwa uchungu wako siku tatu," Dada alisema. "Alikufa ameshika mkono huu. Akaniambia, huyo sasa ni wako. Leo unakwenda kuandikwa binti wa Sara. Sara ndiye nani? Sara alikuogesha?"

"Ni jina la kwenye sala tu. Mama ni Mama."

"Basi kwa nini uliuruka?"

"Niliogopa utaumia."

"Na mimi niliogopa utatuacha. Sote tuliogopa."

"Lakini mimi sikukuandikia barua," Kadogo alisema.

Wiki hiyo alihamia chumba kimoja karibu na kliniki. Dada alituma salamu, naye akazijibu kwa maneno mawili matatu. Karakana ikamwona mkali. Mteja akimwuliza habari za nyumbani, alimwambia afungue mdomo. Kila Ijumaa alikwenda kwa Bibi Maswali, akala, akaimba, lakini hakumwambia kilicho moyoni. Bibi alingoja, akangoja sana, mwisho akasema, "Haya. Na ukimya nao tutakaa nao." Sala peke yake ndiyo iliyobadilika. Kadogo aliongea humo muda mrefu, kwa hasira, kama mtu ambaye hana mwingine wa kumwambia. Kama nyumba ile ilikuwa na mtu au haikuwa na mtu, aliacha kujiuliza.

Mwaka ulipotimia alipanda ngazi zile zile. Kabla hawajamwuliza lolote, yeye ndiye aliyeanza.

"Mwaka jana mliniuliza kama namjua aliyeandika barua. Nilisema hapana. Nilidanganya. Ni dada yangu. Ndiye aliyenilea."

Rabi mzee alivua miwani. "Umemsamehe?"

"Bado."

"Na bado unataka kuingia?"

"Ndiyo. Nataka niingie nikiwa sina uongo."

Walitazamana. "Hilo la dada hatukulazimishi leo," mzee alisema. "Nenda majini."

Alizama mara tatu. Maji yalikuwa baridi kuliko alivyodhani. Alipotoka, Bibi Maswali alimfunga taulo, analia na kucheka kwa pamoja, akimwita kwa jina lake jipya mara kumi mfululizo ili lizoee mdomo.

Siku tatu baadaye Dada alipiga simu.

"Wamekuchukua?"

"Wamenichukua."

"Na Mama?"

"Jumapili naenda kupalilia kaburi lake. Kama kila mwaka."

Dada alivuta pumzi. "Nije?"

Kadogo alitazama nta iliyokuwa inaganda mezani. "Njoo," alisema.

Walipalilia bega kwa bega, asubuhi nzima. Dada alieleza habari za mahakama, za goti linalomsumbua, za jirani aliyehama usiku akabeba na mlango wa mwenye nyumba. Kadogo aliitikia, akamchekea panapostahili, akamsaidia kuinuka.

"Na wewe?" Dada aliuliza, akijipangusa udongo. "Kule kwenu, mambo vipi?"

"Salama," Kadogo alisema, akainama kuokota majembe.

Dada alisubiri kidogo aongeze neno. Kisha wakashika njia.